Familia ya shaba mlangoni pa shule

Stevenage, kaskazini mwa London, ulikuwa mji mdogo. Mwaka wa 1946 serikali ya Uingereza iliamua kuupanua ili upokee familia za London, ambako mabomu ya vita vya pili vya dunia yalibomoa nyumba nyingi. Familia zina watoto, na watoto wanahitaji shule. Shule ya sekondari ya Barclay ilifunguliwa mwaka wa 1949, moja kati ya za kwanza kujengwa katika inchi hiyo kisha vita.

Vifaa vya ujenzi vilikuwa bado haba. Hata hivyo, John Newsom, mkubwa wa elimu katika jimbo la Hertfordshire, alitaka shule mpya iwe pia na kitu kizuri cha kutazamwa. Akamuomba sanamu Henry Moore, mtoto wa mfanyakazi wa migodi ya makaa ya mawe, ambaye aliwahi kuwa mwalimu.

Wazo lilikuwako tayari. Henry Morris, mkubwa wa elimu Cambridgeshire, alikuwa amemuomba Moore sanamu ya shule ya Impington, iliyopokea watoto mchana na watu wazima mangaribi. Moore alitengeneza mifano midogo ya familia, lakini feza zilikosekana. Mwaka wa 1946 yeye mwenyewe akapata binti, Mary, kisha miaka 17 ya ndoa.

Sanamu ya Barclay iliwekwa nje mwaka wa 1950: baba na mama wameketi, mtoto yuko kati yao, mikono yao imeungana kama fundo. Ni ya bronzi, yaani shaba na bati, madini ambayo wakaaji wa Katanga na Kivu wanayajua vizuri. Wanajua pia kwamba kwa mwizi, shaba ni kilo tu. Mwaka wa 2005 sanamu nyingine ya Moore, ya tani 2, iliibwa Perry Green, kijiji alikoishi. Polisi waliamini iliyeyushwa. Mwaka wa 2010 wezi wakajaribu kuiba ile ya Barclay, ikabidi iingizwe ndani ya shule.

Nakala zingine ziko katika majumba makubwa ya sanaa, Tate ya London na MoMA ya New York. Huko watu wanasafiri kuiona. Stevenage, mtoto anaiona akienda darasani. Kwa hiyo ilitengenezwa, na hilo wezi hawakuliondoa.