Mkono, Panya na Mamba: Nahau za Tabia kati ya Kiingereza na Kiswahili Mkoani Mara

Nahau, yaani fungu la maneno ambalo maana yake haipatikani kwa kujumlisha maana za maneno yanayoliunda, hufundishwa mara nyingi kwa orodha ya kukariri, Kiingereza upande mmoja na Kiswahili upande wa pili. Mtindo huo unadhuru zaidi nahau zinazosema tabia za watu, kwa kuwa hizo huitaja tabia na papo hapo kuihukumu, na hukumu yenyewe hubebwa na taswira inayofahamika kwa wasemaji. Huko Kibara, mkoani Mara, kama kwingineko Bunda, Musoma na Butiama, jambo hili lina uzito wa pekee, maana watoto wengi huanza kusema kwa Kijita, Kiruri, Kikwaya au Kizanaki, wakajifunza Kiswahili, kisha wakakikuta Kiingereza shuleni kikiwa lugha ya tatu.

Mfano ulio wazi umo katika tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, mwaka 1963, akaisahihisha na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Humo Brutus anamshutumu Cassius kwamba ana kiganja kinachowasha, na Mwingereza huelewa mara moja kuwa anasemwa mtu mwenye tamaa ya fedha, anayeuza vyeo. Lakini Mswahili aliyelelewa akiambiwa kwamba kiganja kikiwasha fedha zinakuja atasikia habari ya bahati, na shutuma yote itampita. Kiswahili huuhukumu mkono kwa umbo lake: mwizi ana mkono mrefu, na bahili ana mkono wa birika, ule uliopinda ukarudi ubavuni mwa chombo chenyewe, usioweza kunyooshwa ukamfikia mgeni. Kwa hiyo tabia ya Cassius husemeka vizuri zaidi kwa kumwita mla rushwa, ingawa taswira ya kiganja inapotea.

Nyerere mwenyewe alionyesha kwamba hasara hiyo yafaa kukubaliwa. Tamthilia nyingine ya Shakespeare, ambayo jina lake la Kiingereza linamtaja mfanyabiashara mmoja, aliiita Mabepari wa Venisi mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, wakati neno bepari, lililowahi kumaanisha mfanyabiashara tu, lilikuwa limekwisha kubeba lawama ya unyonyaji. Huo ulikuwa uamuzi wa kutafsiri hukumu.

Machozi ya mamba, nahau ya Ulaya iliyokwisha kuzoeleka magazetini, ina tatizo jingine. Kwa anayechota maji ziwani, mamba ni kiumbe anayevizia kimya, macho na pua tu vikiwa juu ya maji, wala hana sifa ya kulia. Wapo wanaoilinganisha nahau hiyo na kuuma na kupuliza, inayotokana na panya anayesemwa kumng'ata aliyelala huku akipuliza asisikie maumivu. Ulinganisho huo haujakamilika: wa machozi hujifanya kuhuzunika, ilhali wa kupuliza hutuliza huku akiendelea kudhuru.

Tofauti za namna hii ndizo zinazostahili nafasi katika vitabu vya kiada. Mwanafunzi wa Kibara aelezwe kwanza tendo linalolaumiwa, aulizwe wazee wake humwitaje mtu wa tabia hiyo, ndipo aandikiwe nahau ya Kiingereza ubaoni.