Mto Rusizi na Somo la Nadharia Tete

Mwanafunzi anayeandaa utafiti wa historia hutakiwa kuandika nadharia tete, yaani jibu la muda analolitoa kabla ya kukusanya data. Wengi wetu huiandika ili kujaza tu kipengele hicho katika pendekezo la utafiti. Insha hii inatumia mjadala wa karne ya 19 kuhusu chanzo cha mto Nile kuonesha kwamba nadharia tete huwa na thamani pale inapotaja mapema ushahidi utakaoikanusha.

Mwaka 1858 Richard Burton na John Speke walifika Ziwa Tanganyika. Baadaye mwaka huohuo Speke, akiwa peke yake, aliliona ziwa alilolipa jina la Victoria, akadai kwamba Nile inaanzia humo. Burton hakukubali. Mwaka 1864 alitetea hoja kwamba mto Rusizi unatoka Ziwa Tanganyika na kupeleka maji yake kaskazini hadi Nile.

Hoja hiyo ilikuwa na makosa, lakini iliundwa vizuri. Ilitaja mto mmoja na mwelekeo mmoja wa maji. Yeyote angeweza kwenda mahali mto na ziwa vinapokutana akatazama: maji yakiingia ziwani, hoja imeanguka. Novemba 1871 David Livingstone na Henry Stanley walisafiri kwa mtumbwi kutoka Ujiji hadi ncha ya kaskazini ya ziwa, si mbali na ulipo mji wa Bujumbura leo. Waliukuta Rusizi ukiingia ziwani.

Ikumbukwe kuwa wenyeji wa Uvira walikuwa wamekwisha kumweleza Burton jambo hilo mwaka 1858. Ushahidi wa mdomo ulikuwepo miaka 13 kabla; aliyeupokea aliuweka kando kwa sababu haukufaa hoja yake. Kwa hiyo, nadharia tete nzuri haitoshi ikiwa mtafiti hayuko tayari kushindwa nayo.

Livingstone naye alikuwa na dhana yake: kwamba mto Lualaba ndio mwanzo wa Nile. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron alipima kimo cha Lualaba pale Nyangwe, akakuta kiko chini kuliko kimo cha Nile pale Gondokoro. Maji hayapandi mlima. Mwaka 1877 Stanley alimaliza kuufuata mto huo hadi karibu na bahari ya Atlantiki; kumbe ulikuwa Kongo.

Pamoja na hayo, mjadala wa chanzo cha Nile haujaisha. Uganda huwaonesha wageni Jinja, Burundi huwaonesha piramidi ya Rutovu, na Rwanda huwaonesha msitu wa Nyungwe. Tofauti hii inatokana na neno lenyewe. Kwa mmoja, chanzo ni pale mto unapotoka ziwani. Kwa mwingine, ni chemchemi iliyo mbali zaidi. Neno lisipofafanuliwa, hakuna kipimo kitakachomaliza ubishi.

Tukirudi katika kazi zetu, mimi mwenyewe niliwahi kuandika: "Kiswahili kilichangia maendeleo ya Bujumbura." Msimamizi wangu aliuliza swali moja: "Ukiwa umekosea, tutajuaje?" Sikuwa na jibu. "Kilichangia" kwa kiasi gani? "Maendeleo" yapi? Sentensi ile isingeweza kushindwa, na kwa hiyo isingeweza kutufundisha kitu.

Niliiandika upya hivi: kati ya mwaka 1945 na 1962, wafanyabiashara wa mtaa wa Buyenzi waliandika hesabu za madeni yao kwa Kiswahili zaidi kuliko kwa Kirundi au Kifaransa. Sasa kuna mahali, kipindi, watu na kitu cha kuhesabu. Madaftari yakionesha vingine, nitakiri kwamba nilikosea, na hilo nalo litakuwa tokeo la utafiti.

Kwa kuhitimisha, kabla hatujawasilisha nadharia tete tujiulize maswali mawili: maneno yake yana maana moja kwa kila msomaji? Na Rusizi wake uko wapi, yaani tutakwenda kusimama wapi tuone maji yanaelekea upande gani?