Upinde, Mwalimu na Mwanafunzi: Urithishaji wa Ufundi wa Pinde kutoka kwa Ishi hadi Tanganyika, 1911–1926

Utangulizi

Vifaa vya mbao havidumu. Mchwa, unyevu na moto huvimaliza, na upinde ni miongoni mwa vile vinavyotoweka upesi. Kwa hiyo historia ya ufundi wa kutengeneza pinde haiwezi kuandikwa kwa kutegemea tu pinde chache zilizosalia katika makabati ya makumbusho. Inambidi mtafiti achunguze pia namna ujuzi wenyewe ulivyopita kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na nini kilipotea njiani. Insha hii inachunguza urithishaji mmoja ulioandikwa kwa kina kuliko mwingine mwingi: ule uliofanyika San Francisco, Marekani, kati ya mwaka 1912 na 1916, baina ya Ishi, mtu wa jamii ya Wayahi, na daktari Saxton Pope. Hoja inayojengwa ni kwamba kilichorithishwa ni utaratibu wa kazi na adabu yake, ilhali umbo la upinde na jamii iliyoupa upinde huo maana havikurithishwa. Hoja hiyo inapimwa kwa kufuata safari ya mwanafunzi huyo hadi Tanganyika mwaka 1925.

Mwalimu

Wayahi walikuwa tawi la Wayana, waliokaa kaskazini mwa California katika mabonde ya vijito vya Mill Creek na Deer Creek. Baada ya dhahabu kugunduliwa California mwaka 1848, walowezi walimiminika, na katika miaka ya 1860 Wayahi waliuawa kwa makundi. Wachache walionusurika walijificha kwa takribani miaka 40. Mwaka 1908 wapima ardhi walifika katika kambi yao na kuchukua vifaa vyao. Tarehe 29 Agosti 1911 mtu mmoja, akiwa peke yake na amedhoofika kwa njaa, alijitokeza karibu na machinjio ya mji wa Oroville. Wanaanthropolojia Alfred Kroeber na T. T. Waterman walimpeleka kwenye makumbusho ya Chuo Kikuu cha California, San Francisco.

Kwa kuwa desturi ilimkataza kujitaja jina, aliitwa Ishi, neno lenye maana ya “mtu” katika lugha yake. Msomaji wa Kiswahili atalisoma neno hilo kwa namna nyingine kabisa. Hiyo ni sadfa tu, lakini ni vigumu kuisahau baada ya kujua habari za watu wake.

Ishi alitangazwa kuwa Mhindi wa mwisho asiyeguswa na ustaarabu wa kizungu. Dai hilo linahitaji tahadhari. Uchambuzi wa Steven Shackley katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba vyembe vya mishale alivyochonga Ishi vinafanana zaidi na vile vya jirani zao, Wawintu na Wanomlaki, kuliko vile vilivyokusanywa katika maeneo ya Wayahi. Maana yake ni kwamba hata ufundi uliochukuliwa kuwa safi ulikwisha kupitia mikono ya jamii zaidi ya moja. Ishi pia hakusita kuchonga vyembe vyake kwa kioo cha chupa. Jadi aliyoifundisha haikuwa imesimama mahali pamoja.

Somo

Pope alikuwa daktari mpasuaji katika chuo cha tiba kilichopakana na makumbusho. Alikutana na Ishi mwaka 1912, akawa tabibu wake, kisha mwanafunzi wake. Maelezo aliyoyachapisha mwaka 1918 kuhusu upindaji na ulengaji wa Wayahi ndiyo chanzo kikuu cha suala hili.

Kwa mujibu wa maelezo hayo, Ishi alipendelea mti wa mreteni wa milimani. Urefu wa upinde aliupima kwa mwili wake: kutoka kwenye mkono ulionyooshwa pembeni hadi nyonga ya upande wa pili. Hivyo kila upinde ulilingana na mtu atakayeuvuta. Mbao ilikwanguliwa kwa jiwe kali na kusuguliwa kwa jiwe la mchanga, kisha ncha zake zikapashwa moto juu ya jiwe na kukunjwa kuelekea nyuma. Hatua iliyofuata ilidai uvumilivu mkubwa zaidi. Kano za kulungu zilitafunwa hadi zikalainika na kuchambuka nyuzi, zikapangwa juu ya mgongo wa upinde na kubandikwa kwa gundi ya ngozi ya samaki samoni iliyochemshwa. Kano zilipokauka zilivuta mbao na kuizuia isivunjike. Upote nao ulisokotwa kwa kano nyembamba zaidi. Upinde uliokamilika ulikuwa mfupi, na nguvu za kuuvuta zilikuwa takribani ratili 40.

Pamoja na hatua hizo Ishi alifundisha adabu. Upinde hauachwi ukiwa umevutwa upote wakati hautumiki. Hausimamishwi wima, hulazwa, kwa kuwa ukisimama huendelea kufanya kazi, hutoka jasho na kudhoofika. Msomaji wa leo anaweza kuyaona maneno hayo kuwa imani tupu. Hata hivyo, fundi yeyote wa mbao atakiri kwamba upinde ukikaa umekunjwa kwa muda mrefu nyuzi za mti huchoka na hazirudi kama zilivyokuwa. Katika lugha ya Ishi sheria ya mbao na heshima kwa kifaa zilisemwa kwa sentensi moja. Pope aliposhika kalamu, alizitenganisha: hatua za kazi ziliingia katika maelezo ya ufundi, na adabu ikaandikwa miongoni mwa miiko.

Mwanafunzi

Pope alipotengeneza pinde za kuwindia hakuufuata upinde wa mwalimu wake. Alirejea kwenye upinde mrefu wa Kiingereza, uliochongwa kwa mti wa yu, wenye nguvu za zaidi ya ratili 60. Mahali pa kano za kulungu alibandika ngozi mbichi nyembamba. Tofauti hii haielezwi na uwezo wa mikono peke yake. Ishi aliwinda kwa kunyatia. Alichutama kichakani, akamwita mnyama kwa sauti hadi akakaribia, ndipo akafuma. Upinde mfupi ulimtosha, na ndio uliopita kirahisi katika vichaka. Pope alitafuta mshale uendao mbali na kupenya mnyama mkubwa. Alijifunza namna ya kuisikiliza mbao, lakini hakuhitaji kuishi kwa upinde. Kitabu chake cha uwindaji kwa upinde na mshale, kilichochapwa mwaka 1923, kilisomwa na wengi Marekani waliotaka kujichongea pinde, na kwa njia hiyo somo la Ishi liliwafikia watu ambao Ishi hakuwajua.

Chanzo hiki kina upungufu wa msingi: mwalimu hakuacha maandishi. Yote yanayosemwa kuhusu ufundishaji wake yanatoka kwa mwanafunzi, ambaye pia alikuwa daktari wake. Ishi alifariki kwa kifua kikuu tarehe 25 Machi 1916. Kroeber, aliyekuwa New York, alikwisha kuandika barua kuupinga uchunguzi wa maiti, lakini uchunguzi ulifanyika, na Pope alihusika. Mwili ulichomwa pamoja na upinde na mishale mitano. Ubongo haukuchomwa: mwaka 1917 ulipelekwa kwenye Taasisi ya Smithsonian, na haukurejeshwa kwa jamii zilizo na undugu na Wayana hadi mwaka 2000. Anayetumia maandishi ya Pope hana budi kuukabili ukweli huu. Upendo wa mwanafunzi kwa mwalimu unaonekana wazi katika kurasa zake. Pamoja na hayo, taasisi aliyoitumikia ilimhesabu mwalimu huyo kuwa kielelezo cha kukusanywa, na Pope hakujitenga nayo.

Tanganyika, 1925

Mwaka 1925 Pope, Arthur Young na mwandishi Stewart Edward White walisafiri hadi Tanganyika kuwinda simba kwa mishale. Kitabu cha safari hiyo kilitoka mwaka 1926. White alibeba bunduki kwa ajili ya usalama. Utawala wa Waingereza ulikuwa umeweka sheria ya kuhifadhi wanyamapori mwaka 1921, iliyoufanya uwindaji kuwa suala la leseni. Kwa wageni, upinde ulikuwa mchezo na jaribio la ujasiri.

Katika nchi hiyohiyo, kando ya Ziwa Eyasi, Wahadzabe waliishi kwa upinde. Mjerumani Erich Obst alikwisha kuwafikia mwaka 1911, mwaka uleule Ishi alipojitokeza Oroville. Utafiti wa James Woodburn, ambaye maelezo yake ya vifaa vya Wahadzabe yalichapishwa mwaka 1970, unaonyesha mfumo tofauti wa kujifunza. Mtoto wa kiume hupata upinde mdogo angali mchanga, huranda nao na wenzake, na akikua hujitengenezea wake. Hakuna chama cha mafundi wala mwalimu mmoja rasmi. Anayekosea huonekana na wenzake, na mnyama anayeponyoka huwa ndiye mtahini. Chuma cha vyembe hupatikana kwa jirani, hasa wahunzi wa Kidatoga, jambo linalokumbusha kwamba ufundi huu pia haukujitenga.

Ulinganisho huu unabainisha kile Ishi alichokosa San Francisco. Alikuwa na mti, kano, gundi na mwanafunzi msikivu. Hakuwa na vijana wa rika moja wa kushindana, wala familia iliyongoja nyama. Somo lake lilibaki hai kama maarifa ya mkono, lakini mizani ya kulipima ilikwisha kuvunjwa na mauaji ya miaka ya 1860.

Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba urithishaji wa ufundi wa pinde hauthibitishwi na kuwepo kwa upinde unaofanana na wa awali, wala haukanushwi na kutofautiana kwake. Pinde za Pope hazikufanana na za Ishi, lakini zilitokana na somo lake. Kinyume chake, mtu anaweza kunakili upinde wa Ishi kwa vipimo kamili asirithi chochote zaidi ya umbo. Kwa watafiti wa Afrika Mashariki, tokeo hili lina uzito wa kimbinu. Makusanyo ya pinde za wenyeji katika makumbusho yameandikwa kwa urefu, aina ya mti na mahali zilipotoka. Aliyesahihishwa, aliyemsahihisha na kosa lenyewe havikuandikwa. Kando ya Eyasi masahihisho hayo bado yanasemwa, na yanaweza kusikilizwa kwa lugha ya wenye kazi. Utafiti unaoahirishwa hadi abaki mwalimu mmoja utalazimika, kama ulivyolazimika ule wa San Francisco, kuitegemea kalamu ya mwanafunzi mmoja.