Nyonga Imeharibika? Jua Operesheni Unayoambiwa Kabla Uweke Sahihi

Shosh ameteleza bafuni, hawezi simama, mguu mmoja unaonekana mfupi na umegeukia nje. Buda, usimpeleke akandwe. Hiyo nyonga pengine imevunjika, na hii si ya kungoja wiki ijayo. Madaktari hupenda kuirekebisha ndani ya siku mbili hivi, kwa sababu mzee akilala sana kitandani damu huganda, nimonia huingia, na vidonda vinaanza mgongoni. Vipande vya mfupa kama havijahama, hushikwa na skrubu. Vikihama, mara nyingi hubadilishiwa mpira wa nyonga peke yake, ama nyonga nzima.

Nyonga nzima ndio ile wengi wanaijua: mpira mpya na kikombe kipya. John Charnley alianza kuifanya kwa chuma na plastiki huko Uingereza mwaka 1962, na sai nyingi hupita miaka 15. Shida ni ukiwekewa na miaka 30. Hesabu mwenyewe, kuna siku utarudi theatre.

Na vijana wako ndani pia. Kama uko na selimundu, umemeza dawa za steroidi kitambo, ama wewe ni wa chupa kila siku, damu inaweza kukosa kufikia ule mpira na mfupa ukaanza kufa pole pole. Hapa ndio watu huchomeka: uchungu unakuja kwa kinena, unameza painkiller, eksirei inatoka fiti, unaenda home. MRI ndio huona mapema. Mpira kama haujaporomoka, daktari anaweza kuutoboa kupunguza presha ndani, na ukabaki na mfupa wako.

Andy Murray wa tenisi je? Operesheni ya Januari 2018 haikumaliza uchungu. Januari 2019 mpira wake ulifunikwa kofia ya chuma badala ya kukatwa, na Oktoba hiyo akashinda taji Antwerp. Noma! Lakini usikimbie kuitisha hiyo. Chuma kikisuguana na chuma huachilia chembe mwilini, na wengi, hasa akina dada, huambiwa haiwafai.

Kabla usaini, uliza daktari: mfupa wangu unaweza kuokolewa? SHA italipa ngapi, na ngapi itatoka mfukoni? Fizio nitafanyia wapi? Hiyo ya mwisho watu husahau, halafu wanashinda na magongo.