Kuwaka polepole kwa kompyuta ya mezani

Kuwaka polepole ni hali ya kompyuta kuchukua muda mrefu kupita kawaida yake, tangu kitufe kinapobonyezwa hadi mtumiaji aweze kufanya kazi. Kipimo ni kawaida ya mashine yenyewe: iliyokuwa ikiwaka kwa nusu dakika na sasa yatumia dakika nne ina kasoro, hata kama ya jirani huchukua tano. Tiba inayokimbiliwa mno ni kupiga Windows upya, mara nyingi kabla ya yeyote kuangalia muda unapotelea wapi.

Hatua za kuwaka

Kwanza programu ya ubao mama, yaani BIOS au mrithi wake UEFI, hukagua RAM, kibodi na diski. Kisha mfumo endeshi hupakiwa kutoka diskini, na mwisho huanza huduma na programu za mtumiaji. Nembo ya mtengenezaji ikikaa muda mrefu kabla vidoti vya Windows havijaanza kuzunguka, Windows haina kosa. Kinachotafutwa kipo kwenye ubao mama, kwenye kifaa kilichochomekwa, au ni diski inayochelewa kujitambulisha. Vidoti vikizunguka bila kukoma, hushukiwa diski au draiva. Eneokazi likitokea lakini kila unachobofya hakifunguki, tazama programu za mwanzo na uhaba wa RAM. Tangu Windows 8, Task Manager katika sehemu ya Startup huonyesha sekunde zilizotumiwa na UEFI peke yake, taarifa yenye thamani kubwa ambayo wengi huipita bila kuisoma.

Diski

Diski ndiyo chanzo kikuu kwenye mashine za zamani. Diski ya kuzunguka ya kawaida hufanya mizunguko 7,200 kwa dakika, yaani 120 kwa sekunde. Ili kusoma faili moja, kichwa cha kusomea husogea hadi kwenye mstari unaohitajika, kisha husubiri sahani ilete data chini yake, kwa wastani nusu mzunguko, ambao ni milisekunde 4 na ushei. Ukijumlisha na muda wa kusogea, diski hiyo haifikii usomaji 100 wa mahali tofauti kwa sekunde. Windows inapowaka husoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na hapo ndipo dakika zinapokwenda. SSD, yaani diski ya chipu, haina sahani wala kichwa; husoma maelfu kwa maelfu ya vipande hivyo kwa sekunde. Kwa hiyo kubadili diski ya kuzunguka kwa SSD, hata ya bei nafuu ya SATA, huleta nafuu ambayo prosesa mpya haiwezi kuileta.

Diski inayokufa hujitangaza mapema. Taarifa za SMART, zinazosomwa kwa programu kama CrystalDiskInfo, huhesabu sekta zilizohamishwa na zile zinazosubiri kuhamishwa. Namba hizo zikipanda wiki hadi wiki, kazi ya kwanza ni kunakili data mahali salama. Kupiga Windows upya juu ya diski kama hiyo ni hatari: huandika upya gigabaiti nyingi kwenye sahani zilizochoka, na picha za familia au hesabu za ofisi zinaweza kupotea kabisa. Hesabu ya makosa ya CRC, yaani ya usafirishaji wa data, ikipanda, mara nyingi mwenye kosa ni kebo ya SATA.

Programu za mwanzo na Fast Startup

Programu za kupiga gumzo, za kusasisha printa na antivirusi mbili zilizowekwa pamoja hugombea diski na RAM kwa wakati mmoja. Huzimwa katika Task Manager. Kabla ya Windows 8 ilitumika msconfig. Fast Startup, iliyoletwa na Windows 8 mwaka 2012, huhifadhi kiini cha mfumo diskini wakati wa kuzima ili kisipakiwe upya. Kuchagua Restart huipita njia hiyo na kuwasha mfumo kikamilifu, ndiyo maana draiva iliyokwama huweza kupona kwa Restart lakini isipone kwa kuzima na kuwasha.

Umeme na betri

Umeme ukikatika ghafla, Windows inaweza kukagua diski nzima itakapowaka tena. Betri ya CR2032 ya volti 3 hutunza saa na mipangilio ya BIOS, na huisha mapema pale swichi ya ukutani inapozimwa kila jioni, kama ilivyo desturi katika ofisi nyingi za Afrika Mashariki. Ikiisha, tarehe hurudi nyuma na baadhi ya mashine husimama zikisubiri F1.

Hali ya sasa

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za karibuni, hivyo mashine nyingi za mtumba hazikidhi vigezo vyake, na baadhi ya wenyewe wamehamia Linux. Huko, kwenye matoleo yanayotumia systemd, amri ya systemd-analyze blame huorodhesha muda wa kila huduma, iliyochelewa zaidi ikiwa juu.