Njiwa Ndani ya Pembe

Usiku wa kuamkia Julai 11, 1962, mafundi wa Posta ya Uingereza walikodoa macho mbele ya televisheni katika kituo cha Goonhilly, kusini kabisa mwa Cornwall. Nje, dishi lao jipya la kipenyo cha mita 26 lilikuwa likiifuata taratibu setilaiti ya Telstar, tufe la kilo 77 lililorushwa kutoka Florida siku hiyo hiyo iliyokuwa imetoka kwisha. Picha ilitakiwa itoke Andover, katika jimbo la Maine nchini Marekani, ipande hadi Telstar, kisha ishuke Ulaya. Ikashuka kweli. Lakini Goonhilly waliambulia chenga, na katikati ya chenga kitu kama kivuli cha mtu. Ng'ambo ya pili ya mlangobahari unaotenganisha Uingereza na Ufaransa, huko Pleumeur-Bodou, Wafaransa waliitazama picha ile ile ikiwa safi kabisa.

Muda wa kutafuta kosa haukuwepo. Telstar haikukaa mahali pamoja angani kama setilaiti za matangazo za leo. Ilipita, ikaonekana pande zote mbili za Atlantiki kwa dakika zipatazo 20, ikazama. Waingereza wakabaki na dishi lao, na aibu yao.

Kosa lilipopatikana lilikuwa dogo, na si la mtambo kuharibika. Mawimbi ya Telstar yalisafiri yakijizungusha kama skrubu inayoingia kwenye ubao. Antena ya kupokea lazima iwe tayari kwa mzunguko wa upande ule ule. Ukiwa kinyume, karibu nguvu yote inapotea. Sasa, mzunguko wa kulia ni upi? Ukilitazama wimbi kwa nyuma likienda zake, utaona upande mmoja. Ukilitazama kwa mbele likikujia, utaona upande mwingine. Wataalamu wa redio walikuwa na desturi yao, wataalamu wa mwanga walikuwa na yao, na kipuri kimoja kwenye antena ya Goonhilly kikafungwa kwa kufuata maana isiyokuwa ya Wamarekani. Kikageuzwa. Jioni iliyofuata picha ikaja vizuri.

Kosa la namna hiyo halijafa. Kwenye madishi ya minara ya simu, mawimbi mengi hayazunguki. Hutikisika ama wima ama kwa ulalo, na madishi mawili yanayoangaliana lazima yakubaliane. Dishi moja likifungwa wima na mwenzake ulalo, nguvu inayofika inaweza kupungua mara 1,000, huku kila taa ya mtambo ikisema mambo ni shwari.

Waingereza na Wafaransa walikuwa na mazoea ya zamani na mchezo huu wa madishi yanayoangaliana. Mnamo Machi 31, 1931, kundi la wahandisi likiongozwa na Mfaransa André Clavier lilisimamisha madishi ya mita 3 karibu na Dover upande mmoja na Calais upande mwingine, yakaangaliana juu ya maji. Mtambo ulirusha nusu wati, nguvu ya balbu ya tochi, katika masafa ya gigahezi 1.7. Simu ilipita, telegrafu ikapita, na picha za faksi zikapita. Wakati huo redio kwa watu wengi ilimaanisha nguzo ndefu na maelfu ya wati zinazomwagwa huku na huko. Hapa nguvu yote ilikusanywa kwenye mwale mwembamba na kuelekezwa mahali pamoja, kama mtu anayemulika kwa kurunzi badala ya kuwasha moto wa kambi.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyoitoa teknolojia hii maabara na kuitia porini. Jeshi la Uingereza lilikuwa na mtambo ulioitwa Wireless Set No. 10, uliokokotwa kwenye tela na kubeba mazungumzo manane ya simu kwa wakati mmoja. Baada ya majeshi kutua Normandy mwaka 1944, mitambo hiyo ilifuata nyuma ya makamanda, kituo baada ya kituo.

Amani ilipokuja, Wamarekani wakaigeuza kuwa reli. Novemba 1947 kampuni ya AT&T ilifungua njia ya majaribio kati ya New York na Boston, na Agosti 17, 1951 njia iliyovuka bara zima hadi San Francisco: minara 107, kila mmoja ukiwa takriban kilomita 48 kutoka kwa mwenzake, kwa gharama ya dola milioni 40. Tarehe 4 Septemba mwaka huo, Rais Harry Truman alihutubia mkutano wa mkataba wa amani na Japani mjini San Francisco, na watu wa pwani ya mashariki wakamwona papo hapo kwenye televisheni. Sauti na sura yake vilipokezwa mnara kwa mnara, kila mnara ukinasa mawimbi yaliyochoka, ukayapa nguvu na kuyasukuma mbele.

Kwa nini kilomita 48, isiwe 100? Dunia ina mgongo. Katikati ya umbali huo, ardhi tambarare kabisa huwa imejiinua zaidi ya mita 30 juu ya mstari ulionyooka kati ya miguu ya minara miwili. Juu ya hapo, mawimbi hayapiti kama uzi. Yanahitaji nafasi inayotanuka katikati ya safari mfano wa tumbo la samaki, na kwa masafa ya gigahezi 4 yaliyotumiwa na Wamarekani, tumbo hilo katikati ya njia hufika mita 30 kila upande. Ndiyo maana fundi anaweza kupanda mnara, akauona mnara wa pili kwa macho yake bila kizuizi, na bado mawasiliano yakawa mabovu: mti uliokuwa mche wakati wa ujenzi umeshakua na kuingia kwenye tumbo la mawimbi. Ghorofa nazo ni vivyo hivyo. London ilipoanza kujaa majengo marefu, Posta ikajenga mnara wa mita 177 katikati ya jiji ili mawimbi yapite juu ya vichwa vya watu. Ulifunguliwa Oktoba 1965, kila mtu akauona, lakini kwa miaka mingi habari zake zilihesabiwa kuwa siri ya nchi. Siri ya mita 177!

Lakini kisa ambacho mafundi wa mawimbi wana haki ya kujivunia kuliko vyote kilitokea katika kijiji cha Holmdel, jimbo la New Jersey, na kina sehemu mbili.

Ya kwanza ilianza na simu za kuvuka Atlantiki, zilizosumbuliwa na mikwaruzo. Maabara za Bell, za AT&T, zikampa kijana Karl Jansky kazi ya kujua mikwaruzo hiyo inatoka wapi. Akajenga antena ya mbao na mabomba, urefu wake mita 30, akaiweka juu ya magurudumu ya gari la Ford Model T ili izunguke mara moja kila dakika 20. Alitenga kelele za radi za karibu, kisha za radi za mbali. Ikabaki ya tatu, mvumo hafifu usiokoma, uliopanda na kushuka kila siku. Mwanzoni alidhani unatoka kwenye jua. Miezi ilivyosonga akagundua kwamba mvumo ule haurudi baada ya saa 24 kamili, bali saa 23 na dakika 56, na huo ndio muda wa nyota kurudi mahali pake. Mwaka 1933 akatangaza kwamba kelele inatoka kwenye Njia Nyeupe, upande wa katikati ya galaksi yetu. Aliomba dishi la mita 30 aendelee kuchunguza. Mabosi wakaona kelele za nyota hazizuii biashara ya simu, wakampa kazi nyingine.

Sehemu ya pili ilikuja miaka 30 baadaye, huko huko Holmdel. Bell walikuwa na antena ya umbo la pembe, kinywa chake mita 6, iliyojengwa mwaka 1959 kwa ajili ya Echo, puto kubwa la kung'aa lililorushwa angani Agosti 1960 ili mawimbi yadunde juu yake. Umbo hilo walilijua vizuri, kwa sababu pembe za namna hiyo zilianza kutumika kwenye minara yao ya kupokezana. Sifa yake ni uziwi wa pembeni: inasikia mbele tu, na joto la ardhi lililo nyuma na chini yake haliingii kwa urahisi.

Watafiti wawili wa Bell, Arno Penzias na Robert Wilson, waliirithi ili wapime mawimbi ya anga. Mwaka 1964 wakaitega kwenye megahezi 4,080, wakakuta kelele ya ziada. Ilikuwa ndogo, sawa na joto la nyuzi 3.5 Kelvini, na fundi mwingine angeiandika kwenye daftari kama hitilafu ya mtambo na kuendelea na kazi. Wao hawakuweza, kwa sababu walikuwa wamejitengenezea chombo cha kulinganishia kilichopozwa kwa heliamu ya kimiminika, na kipimo hakikuwapa pa kujificha.

Wakaelekeza pembe upande wa jiji la New York: kelele haikuongezeka. Wakaielekeza juu, pembeni, mchana, usiku, kiangazi na baridi: ile ile. Wakafikiria bomu la nyuklia lililolipuliwa juu angani mwaka 1962, lakini mabaki yake yangekuwa yanapungua mwezi hadi mwezi. Wakabandika utepe wa alumini kwenye maungio yote ya mabati. Kisha wakaingia ndani ya koo la pembe, na huko wakakuta wenyeji: njiwa wawili, pamoja na kile ambacho kwa adabu ya kimaabara walikiita utando mweupe wa kihami. Njiwa wakanaswa kwenye mtego, wakatumwa kwa gari la barua za kampuni hadi ofisi nyingine, wakaachiwa huko. Baada ya siku chache walikuwa wamerudi. Mara ya pili hawakusamehewa. Pembe ikasuguliwa, ikang'aa.

Kelele ikabaki.

Simu moja ndiyo iliyofungua fumbo. Penzias alisikia kwamba kundi la Robert Dicke pale Chuo Kikuu cha Princeton, mwendo mfupi tu kwa gari, lilikuwa likijenga chombo cha kutafuta joto lililosalia tangu mwanzo wa ulimwengu. Akampigia. Dicke alipokata simu aliwaeleza wenzake kuwa wametanguliwa. Matokeo yakachapishwa Julai 1965, na Tuzo ya Nobel ikaja mwaka 1978. Sehemu ndogo ya zile chenga zilizokuwa zikionekana kwenye televisheni za zamani pale stesheni ilipofunga matangazo ilitokana na joto hilo hilo. Mtego wa njiwa umehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian.

Afrika Mashariki iliingia kwenye safari hii kupitia anga. Kituo cha Longonot, ndani ya Bonde la Ufa nchini Kenya, kilianza kazi mwaka 1970, kikiunganisha simu za eneo hili na dunia kupitia setilaiti. Nyaya za mkonga wa baharini zilikuja baadaye sana. Seacom ilifika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009. Kati ya hapo, na hata sasa katika wilaya nyingi, mzigo wa mwisho kutoka mji hadi kijiji unabebwa na yale madishi meupe yenye umbo la ngoma yaliyofungwa kwenye minara ya simu. Wakala anapomwambia mteja kwamba mtandao unasumbua, mara nyingi kisa kiko kwenye ngoma mojawapo.

Kuyaelekeza si kazi ya mabavu. Dishi la mita 1.2 linalotumia gigahezi 15 lina mwale wenye upana wa nyuzi 1 na kidogo. Ukikosea nyuzi 1 kwenye umbali wa kilomita 40, umemulika mita 700 kando ya mnara unaoutaka. Fundi hujifunga mkanda, huchomeka mita ya volti kwenye tundu dogo nyuma ya mtambo, kisha hulegeza boliti na kulisukuma dishi robo ya uzi kwa wakati huku akisoma volti, na mwenzake wa ng'ambo akimsubiri kwenye simu. Mtego uko hapa: kila dishi lina masikio madogo pembeni mwa sikio kuu. Volti zinapanda, zinafika kilele, zinashuka. Asiye mzoefu hukaza boliti kwenye kilele hicho na kushuka. Kumbe amenasa sikio la pembeni, lenye nguvu moja ya mia au chini ya hapo, na mvua ya kwanza ya masika itamrudisha juu. Mzoefu husukuma kupita, mpaka aone kilele kidogo, kikubwa, kidogo, ndipo arudi katikati.

Mvua yenyewe huanza kuumiza kwa kweli masafa yanapozidi gigahezi 10, kwa hiyo wabunifu huweka gigahezi 6, 7 au 8 kwenye njia ndefu, na kuacha 18 na 23 kwa kurukaruka ndani ya mji. Bahari nayo ina vituko vyake. Maji hurudisha mawimbi kama kioo, na wimbi lililodunda likikutana na lililonyooka kwa mkao mbaya, hufutana. Tena, jioni upepo ukitulia, hewa ya joto hulala juu ya hewa yenye unyevu na kuyapinda mawimbi, hali inayowatesa hasa mafundi wa Ghuba ya Uajemi na Oman. Mawasiliano yanakatika saa 2 usiku, yanayumba hadi alfajiri. Fundi anafika saa 3 asubuhi na kapu la vipuri, jua limeshawaka, hewa imechanganyika, na mita inamwonyesha nguvu kamili.

Dawa yake ni kufunga madishi mawili kwenye mnara mmoja, moja juu ya jingine kwa tofauti ya mita kadhaa, ili linapozibwa la juu, la chini lisikie. Ukisafiri kando ya bahari na kuona mnara wenye ngoma mbili za ukubwa mmoja, zimepangwa wima, zote zikitazama majini, umeuona mpango huo ukiwa kazini.