Kitenzi "kufuta" na kumbukumbu ya mita

Mwaka 2024 ulikuwa mgumu kwa watumiaji wa umeme nchini Zambia. Ukame ulipunguza maji ya Kariba, mgawo ukawa wa saa nyingi kila siku, na mwenye jokofu la samaki huko Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, anajua maana yake. Hata hivyo, mita za malipo ya kabla hazikusahau uniti zilizobaki. Makala haya yanaeleza sababu, kwa kuwa ndani yake mna suala la istilahi linalotuhusu sisi walimu wa Kiswahili, lugha ambayo husikika pia Nchelenge kutokana na majirani wa Kongo ng'ambo ya ziwa.

Ndani ya mita mna maikrokontrola, yaani kompyuta nzima katika chipu moja. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi hupotea umeme unapokatika. Programu na uniti hukaa katika kumbukumbu ya namna nyingine, isiyopotea lakini inayofutika. Utata uko katika neno hilo "kufutika".

Mwaka 1971 Dov Frohman wa kampuni ya Intel alibuni EPROM. Ili kuifuta, fundi aliichomoa chipu na kuiweka chini ya taa ya urujuanimno kwa dakika kama 20, mwanga ukipita katika kidirisha cha kwatsi. Yote yaliyoandikwa yalifutika kwa pamoja. Kidirisha kilibandikwa karatasi ili jua lisije likafuta kazi ya mtu polepole. Maikrokontrola 8748 ya mwaka 1976 ilikuwa na kidirisha hicho. Mfikirie fundi akivuka kwa boti hadi kisiwa cha Kilwa (kile cha Mweru, si Kilwa ya pwani) na taa yake mkononi!

Ikafuata EEPROM, ambayo hufutwa kwa umeme ikiwa palepale katika saketi, baiti moja moja. Kisha mwaka 1984 Fujio Masuoka wa Toshiba akaitangaza flashi, ambayo hufuta fungu zima kwa mara moja. Jina lilipendekezwa na mwenzake, ambaye ufutaji huo wa ghafla ulimkumbusha mmweko wa kamera. Wako wanaopenda kuiita "kumbukumbu mmweko". Sisi hatuafiki. Hakuna mwanga wowote unaotumika pale, na mwanafunzi ataichanganya na EPROM, ambayo ndiyo hasa hufutwa kwa mwanga. Heri "flashi".

Tofauti hizi si za vitabuni tu. Flashi ya maikrokontrola huhimili kufutwa mara 10,000 hivi. EEPROM aghalabu mara 100,000. Kwa hiyo programu, ambayo ni nadra kubadilika, huwekwa katika flashi, na hesabu ya uniti, ambayo hubadilika kila mara, huwekwa kwa kawaida katika EEPROM au kumbukumbu inayofanana nayo.

Mita hukumbuka pia tokeni zilizokwisha kutumika, ili mtu asiingize namba moja mara mbili. Mfumo wa tokeni za tarakimu 20 uliozaliwa Afrika Kusini, ambao hutumiwa na ZESCO ya Zambia na pia LUKU ya Tanzania, huipa kila tokeni alama ya wakati: idadi ya dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Nafasi ya hesabu hiyo ni biti 24, yaani dakika 16,777,216, nayo ilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Kabla ya siku hiyo wateja walitakiwa kuingiza namba mbili za ziada. Hizo zilibadili ufunguo wa siri wa mita, zikafuta orodha ya tokeni za zamani na kuhamishia mwanzo wa hesabu mwaka 2014. Uniti zilizokuwamo hazikuguswa, wala programu. Aliyechelewa aliendelea kutumia uniti alizonazo, lakini mita yake ilikataa kila tokeni mpya mpaka alipoziingiza namba hizo mbili.